Humo Ndani Tulikuwa Wengi

Mbinga, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kanisi,

Uko Mapera kwa bibi yako, unaaga. Najua hatakuachia mpaka ule mara mbili, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza ya ofisi, ile yenye mguu uliofungwa waya, na nimefunga mlango wa mbele ingawa ni saa tisa tu na kuna watu nje wanataka kutoa kopi. Wakagonge kwa jirani.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za misa, wala za kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na mitatu, na hayo ulishayasikia mpaka masikio yakaota sugu. Nakuandikia kwa sababu Jumatano, ukiwa umeinama unafunga kamba za viatu, uliniambia kama mtu anayesema chumvi imekwisha: "Mama, mjomba Severini amenipa kazi. Naondoka Jumapili." Nikakuuliza mlianza kuongea lini. Ukasema tangu Pasaka. Tangu Pasaka, Kanisi! Miezi yote hiyo tunakula meza moja, unanisifia maharage, na kazi ya mjomba wako imelala kwenye simu yako mfukoni. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta kijiko. Niliumia, bado naumia, na sitaki ujifanye hukuona.

Ila siku tatu hizi nimejiuliza kwa nini ulinificha, na jibu halikunipendeza. Ulinificha kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha. Nilikuambia kwamba mimi na mjomba wako hatuongei kwa ajili ya shamba la babu. Si kweli. Shamba la babu halina ugomvi, lina magugu tu. Nilikuambia pia kwamba dada Wini, aliyekuwa akifanya kazi hapa ofisini, aliondoka kwa sababu alipata mchumba kwao Mbamba Bay. Nayo si kweli. Uongo wote huo ulikuwa wa kufunika jambo moja, na usiende kwa Severini hujalijua.

Wewe ushirika umeukuta ukiwa jengo la popo. Mimi nilikuwa mpiga chapa mle ndani. Ushirika ulipokufa likaja soko huria, tukaambiwa sasa kila mkulima atauza kahawa yake kwa amtakaye. Lilikuwa jambo zuri, ila hakuna aliyesema mkulima atajuaje bei. Wanunuzi walipanda na Fuso mpaka vijijini, na kila mmoja alikuwa na bei yake na kiapo chake. Aliyekuwa na shida alikwisha kuuza kahawa ingali maua mtini. Asiyekuwa na shida alisimama barabarani na magunia yake akibahatisha.

Mjomba wako ndiye aliyepata wazo, sitamnyima hilo. Alikuwa amesoma kompyuta Dar, alikuwa fahari ya nyumba yetu, na mimi nilimpenda kuliko ndugu zangu wote. Alitengeneza programu: mkulima wa Namswea anatuma ujumbe wa neno moja kwa simu, anajibiwa bei ya siku ile kwa kila mnunuzi. Kila asubuhi, hapa ofisini kwangu, Wini aliwapigia wanunuzi, akaingiza bei. Kwisha. Basi kwa mara ya kwanza mkulima akawa anamjibu mwenye Fuso akiwa na namba mkononi.

Programu haikukaa hapa Mbinga, umeme wetu unaujua. Ilikaa Dar, kwenye seva ambayo Severini alitukodisha, yaani kompyuta kubwa isiyozimwa usiku na mchana. Kabla ya kuanza nilimuuliza, maana wazee wa vikundi vya wakulima wangeniuliza mimi. Akasema, "Dada, hiyo ni yako peke yako. Hakuna mtu mwingine humo." Nikawaita viongozi kwenye godauni la Namswea, nikawaambia kwa mdomo wangu huu: mashine hii ni yenu peke yenu. Mzee Gaudensi, mwenyekiti wao, akauliza kama siku moja anaweza kwenda kuiona na kuishika. Tukacheka wote, naye akacheka.

Msimu wa kwanza ulikwenda kama maji. Wa pili mambo yakaanza kukwama. Ukifungua ukurasa wa bei ungeweza kukaanga karanga, ukazimenya, na bado haujafunguka. Mkulima anatuma ujumbe saa nne, anajibiwa saa nane. Asubuhi mapema hali ilikuwa nzuri, jioni nzuri, ila katikati ya mchana, pale hasa watu walipokuwa kwenye mizani, kimya. Nilipompigia Severini alikuwa na jibu moja: "Tatizo liko kwenu, dada. Angalia watu wako hapo ofisini. Vijana siku hizi wanapakua muziki na filamu, wanamaliza nguvu yote."

Wini aliyasikia hayo, maana niliyarudia kwa sauti. Akaanza kuandika kwenye karatasi saa za kukwama, siku hadi siku, na jioni alibaki akisoma namna ya kuichunguza seva yenyewe. Baada ya wiki mbili akaniita kwenye skrini.

"Mama, mashine yetu haijachoka. Haina hata kazi nyingi. Tazama namba hii."

"Ndiyo nini?"

"Inaonyesha muda ambao sisi tulikuwa tayari kufanya kazi, tukasubirishwa, kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa inawahudumia wengine. Alfajiri ni sifuri. Sasa hivi ni sitini kwa mia. Mama, humo ndani hatuko peke yetu. Hii si kompyuta nzima, ni kipande. Imekatwa vipande, kila mmoja akaambiwa ni yake. Wakiamka wote pamoja, wote wanakwama."

Alinieleza polepole, nami nilimwelewa. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kwanza: nilimwelewa. Akaniomba ruhusa amwandikie Severini na kumdai aonyeshe ni wangapi. Nikakataa.

Unaijua ngokela. Mtu akiita watu waje kumchimbia ngolo zake, yale mashimo ya kulimia, mlimani, kwetu mwenye shamba hapiti nyuma yao kukagua shimo kwa shimo. Anapika, anawapa cha kunywa, anashukuru. Kumfuata nyuma mtu aliyekuja kukusaidia ni kumwita mwizi. Baba yangu alikosana na shemeji yake miaka kwa kosa hilo. Nimelelewa hivyo, na nilipomwangalia Severini niliona ndugu aliyekuja kunichimbia shamba. Nikamwambia Wini, "Kwetu hatuwakagui ndugu zetu." Ukweli ni kwamba Severini hakuja kuchimba ngolo. Alikuwa mfanyabiashara, mimi mteja wake, na mteja hukagua. Nilichanganya hayo mawili, na wa kulipa hakuwa mimi.

Ijumaa moja, kahawa ikiwa imejaa, Fuso tatu zilifika Namswea kwa wakati mmoja. Kikundi kizima kilituma ujumbe. Wakasubiri. Wenye magari wakaanza kuwasha injini, kama kawaida yao, kuwatia watu hofu. Watu wakaogopa, wakauza kwa bei ya aliyepiga kelele zaidi. Bei yetu iliwafikia magari yakiwa yameshashuka mlima, na kumbe mmoja wa wanunuzi wale wale alikuwa ametutajia sisi bei nzuri zaidi asubuhi.

Kesho yake mzee Gaudensi alikuja hapa. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa kwenye kiti unachokipenda wewe, karibu na dirisha, akasema, "Mama Kanisi, jibu lenu limenikuta nakunja magunia matupu."

Nilitoka nje nikampigia Severini. Akasema, "Si nilikuambia umwangalie huyo binti?" Nikarudi ndani na aibu yangu, natafuta pa kuitua. Nikamnyooshea Wini kidole mbele ya yule mzee. Nikasema, "Huyu hapa. Anashinda anapakua filamu."

Wini akasimama. "Mama, si kweli. Na unajua kwamba si kweli."

Nikamwambia anamwonea wivu ndugu yangu. Nikamwambia aweke funguo mezani. Akaziweka, akachukua kanga yake iliyokuwa nyuma ya mlango, akamwamkia mzee Gaudensi shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, akatoka. Wewe ulikuwa bwenini. Wini ndiye aliyekufundisha kuchapa bila kuangalia vidole, na uliporudi likizo ukamuulizia, nikakupa ule uongo wa mchumba.

Seva haikupona, Kanisi. Wini aliondoka na ukwamaji ukabaki pale pale, saa zile zile. Mwenye macho haambiwi tazama, ila mimi niliyafumba, tena kwa nguvu.

Yakafumbuliwa na mtu nisiyemjua. Nilikuwa Songea kwenye semina, tukakaa pamoja na mkuu wa shule moja. Akalalamika kwamba amekodi seva Dar ya kuwekea matokeo ya wanafunzi wake, na mchana haifunguki. Nikamuuliza kwa nani. Akamtaja Severini. Akaongeza, maskini wa Mungu, "Na ni ya kwetu peke yetu." Fundi wake alikuwepo. Akafungua yao, nikampa nywila akafungua na yetu. Jina la kompyuta iliyotubeba lilikuwa lile lile.

Nilitoka nje nikampigia mjomba wako. Nataka uyajue maneno yake kama yalivyo, kwa sababu siku moja atakuambia na wewe.

Nikasema, "Severini, humo ndani tuko wangapi?"

Akacheka. "Dada, nani anahesabu?"

"Uliniambia niko peke yangu."

"Dada, kila mtu anafanya hivi. Si wote wanaamka kwa wakati mmoja. Kwani kwenye sengu tulikulaje? Chakula kimoja, watu wangapi? Uliwahi kusikia mtu amelala njaa?"

Wewe sengu umeisikia tu. Nyumba zote za babu zilipeleka chakula mahali pamoja, wanaume na wavulana wakala pamoja, aliyepikiwa na asiyepikiwa. Severini alikuwa mlaji. Mimi nilikuwa mpelekaji. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa unakuta sahani imejaa. Mama alikuwa ananituma mimi kwanza nichungulie nihesabu vichwa, ndipo apakue. Na waliokula walionana. Hakuna aliyeambiwa kwamba sahani ni yake peke yake."

Kisha akasema, "Sasa unataka nini?" Hakusema pole. Nikamuuliza, na Wini je, ulijua? Akasema, "Ilibidi kuwe na sababu, dada. Ungeniuliza kila siku."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani ni ya watu wengine. Mtu akikudanganya dukani unamtukana moyoni, unahama duka. Huyu nilimbeba mgongoni. Huyu alikubeba wewe mabegani siku ya komunyo yako ya kwanza, na alikulipia kidato cha tano nilipokwama, akasema nisimrudishie. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshapona. Ni mwema, na alinidanganya kwa sauti ile ile ya wema wake, na akamtoa binti wa watu kafara ili asiulizwe swali. Sijui hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Nimeshindwa kujua miaka yote hii.

Nilikwenda Mbamba Bay kumtafuta Wini. Nikamkuta na kibanda karibu na pale maboti yanapotia nanga, anachaji simu za watu na kuandika barua zao. Aliponiona akasema, "Shikamoo mama," na ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi. Akanipa ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani. Nikasema, "Wini, nimekukosea."

"Nilijua utakuja," akasema. "Sikujua ungechukua muda gani."

Nikamwomba arudi kazini. Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, "Mzee Gaudensi umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi mama, ukimwambia yeye ndipo utakuwa umeniomba msamaha mimi. Alikusikia ukinisingizia. Hajasikia kingine."

Nikamwahidi. Nikapanda gari la kurudi huku juu nikiwa nimeahidi, mwanangu, na sikufanya.

Hapa ndipo ningependa kuweka kalamu chini, maana mpaka hapa mimi ndiye niliyeonewa, na kuonewa kuna utamu wake. Lakini ulikuwa ukishangaa kwa nini mama haongei na mjomba ila kila mwezi anamlipa. Seva yetu bado iko kwake. Baada ya simu ile alituhamishia kwenye kompyuta nyingine, tukapumua msimu mmoja, kisha nayo ikajaa. Ningeweza kuhama. Wini angetuhamisha kwa siku mbili. Lakini kuhama kungenilazimu kuwaeleza wazee wa vikundi kwa nini, na kuwaeleza kungekuwa kusema kwamba siku ile kwenye godauni niliwaambia uongo, na kwamba yule binti hakuwa na kosa. Nikabaki. Na wakulima wanaponipigia mchana kwamba bei haiji, najua la kuwaambia. Nasema, "Mtandao, baba. Leo mtandao unasumbua." Wanaamini. Wengine wananipa pole.

Severini alinidanganya mimi mmoja. Mimi nimeidanganya milima mizima kwa neno moja, miaka mingi, na nimekuwa nikilala. Sikuwa nimejua kwamba uongo wa mtu mwingine unaweza kuupokea, ukauzoea, ukawa unautumia kama wako. Nilidhani aliyeumizwa anajua kuumia kulivyo, kwa hiyo hawezi kumfanyia mwenzake. Anaweza. Mimi nimeweza bila shida yoyote.

Sikukatazi kwenda. Ulinieleza kazi yenyewe ukiwa na furaha, na nilisikia furaha hiyo ingawa nilikuwa nimekupa mgongo. Kuanzia Jumatano utakaa kwenye simu ya wateja. Seva zao zikikwama, watakupigia wewe. Watu wazima, wakuu wa shule, wenye hospitali, wenye maduka, watakuuliza kwa nini inakwenda polepole. Na mjomba wako, kwa upole kabisa, atakuonyesha la kuwajibu. Hatakuambia udanganye. Atakuambia uwaulize kama wameangalia watu wao ofisini.

Nimeamua jambo moja, na nakuambia mapema ili usiseme nimekuvizia. Jumatano hiyo hiyo nakwenda Namswea. Nitakaa mbele ya mzee Gaudensi, sasa haoni vizuri lakini anasikia, nitamwambia habari ya Wini, na ya godauni, na ya mtandao. Akinifukuza nitafukuzwa. Lakini namjua, kabla ya kunifukuza atauliza swali la mkulima: "Na sasa hivi, humo ndani tuko wangapi?"

Mimi sijui. Sijawahi kujua. Kwa hiyo nitatoa simu, nitaweka sauti kubwa ili asikie mwenyewe, na nitaipigia ile namba ya wateja. Itakuwa saa nne, saa inapoanza kukwama. Utapokea wewe. Mjomba wako atakuwa ameketi karibu, maana ni siku yako ya kwanza.

Usiniite mama kwenye simu hiyo. Nitakuuliza mara moja tu, kama mteja yeyote, na mzee atakuwa anasikiliza.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama